Kwa Waheshimiwa wa Mezani

Waheshimiwa,
redio ya mlinzi wa ghala imesema asubuhi
kwamba mlikaa, mkanywa maji ya chupa,
mkainua mikono, na mieleka
mkaiweka kando kama bakuli lenye ufa.
Sina hakika nilisikia vizuri; betri zilikuwa zinakufa.

Mimi ni Naigaga, mkata miwa wa Kakira.
Mkeka wetu si mkeka:
ni makapi ya miwa kutoka kiwandani,
tumeyakanyaga hadi yakalala,
juu yake turubai la lori, kijani,
lenye viraka kumi na vinne.
Nimevishona mwenyewe. Cha kumi na tano kinangoja uzi.
Tukimaliza tunanuka sukari iliyochacha,
nyuki wanatufuata hadi bombani.

Mnasema mchezo hautazamiki.
Jakisa, aliyetoka Nebbi,
hajui Kisoga, nami Kialuri sikijui;
lakini akinishika kiwiko najua kama amelala njaa,
najua mguu upi anauficha.
Lugha gani nyingine ina sarufi fupi hivyo?

Kuna michezo inayotaka farasi.
Kuna inayotaka theluji, na theluji yetu
iko Rwenzori, wanasema inakwisha.
Huu unataka watu wawili na ardhi.
Ardhi ni ya kiwanda, sawa,
lakini hakuna aliyetukataza kuiangukia.

Kocha Baligeya, fundi wa boila,
hufundisha kuanguka kabla ya kubwaga.
Wiki sita nilianguka tu. Kidevu kifuani,
kiganja kitangulie chini, pumzi itoke.
Nikamchukia. Nikasema nimeajiriwa kukata miwa,
si kulazwa chali.
Kisha Aprili trela likapinduka penye kona ya Wairaka,
miwa na watu tukamwagika pamoja.
Mwili ukakumbuka bila kuniuliza.
Kidevu kifuani.
Kagoya, niliyelala naye chumba kimoja kambini,
hakuwa amefundishwa.
Sitaandika zaidi ya hapo.

Siwaombi medali. Kwanza mimi siendi popote:
nina miaka thelathini na minne,
goti la kushoto linalia nikipanda ngazi,
na pasipoti sijawahi hata kuigusa.
Lakini binti wa Kagoya, Mutesi, ana kumi na mitatu.
Ameandika ukutani kwa mkaa
mwaka wa michezo yenu mikubwa,
akapiga hesabu siku hiyo atakuwa na umri gani.
Hesabu nyingine zote shuleni anakosa. Hiyo amepata.
Nani amwambie afute? Mimi?
Mkaa wenyewe nilimpa mimi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Nakubali. Nimeshindwa mara nyingi
kuliko vikao mlivyokaa.
Ila kushindwa kwetu kuna kanuni:
mabega yote mawili yaguse chini,
na mwamuzi apige magoti, aone kwa macho yake,
ndipo apige kofi juu ya turubai.
Ninyi mmeamua mkiwa mbali,
na viti vyenu vina magurudumu.
Bega moja bado liko juu, waheshimiwa.
Linatetemeka, linauma, lakini liko juu.

Tena kuna jambo limenikosesha usingizi.
Kwetu mwamuzi huinua mkono mmoja tu,
na aliyebwagwa humpa mwenzake mkono
kabla hajaondoka.
Mikono yenu yote ilipoinuka,
nani alimpa mkono nani?

Jibu likiwapo, litumwe kwa sanduku la kiwanda,
liandikwe jina la Baligeya; langu karani hulikosea.
Lisipokuja, Jumamosi saa kumi tupo.
Njooni na soksi. Viatu haviruhusiwi,
na nyuki hawaumi ukitulia.